Tuzo Sebuleni, Muziki Stoo

Wadau, leo naomba niweke pembeni siasa na bei ya mafuta. Nataka tuzungumze kuhusu muziki. Tena muziki wenyewe ni wa kutisha, ule unaosikika nyuma ya picha wakati mhusika anausogelea mlango ambao sisi watazamaji tunajua kabisa hakutakiwa kuugusa.

Hoja yangu naitaja mapema ili asiye na muda aondoke nayo: kampuni inayoshikilia haki ya muziki, haiuuzi na wala hairuhusu wengine wauuze, ipewe muda maalumu. Muda ukiisha, haki irudi kwa aliyeutunga. Basi. Mengine yote nitakayosema hapa chini ni kueleza kwa nini nafikiri hivyo.

Mfano wangu ni huu. Mwaka 1991 mtunzi wa Marekani, Richard Bellis, alipewa tuzo ya Emmy, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya televisheni nchini kwao, kwa muziki alioutunga kwa ajili ya tamthilia ya kutisha iitwayo It. Albamu yenye muziki kamili wa tamthilia hiyo ilitoka tarehe 15 Novemba 2011. Hebu zisome tena hizo tarehe. Kati ya tuzo na albamu ilipita miaka 20. Mtoto aliyezaliwa wiki ambayo Bellis alipanda jukwaani, albamu ilipotoka alikuwa ana umri wa kuwa chuo kikuu.

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Bellis alitunzwa kweli, tena hadharani, na waliomtunza ni watu wa fani yake. Lakini ngoma aliyoicheza ikafungiwa stoo.

Kwa wasioijua, It ni riwaya ya Stephen King iliyochapishwa mwaka 1986, kitabu kinene chenye kurasa zaidi ya 1,000. Kituo cha ABC kiliionyesha kama tamthilia ya sehemu mbili, usiku wa tarehe 18 na wa tarehe 20 Novemba 1990, ikiongozwa na Tommy Lee Wallace. Hadithi inahusu watoto saba wa mji wa kubuni wa Derry, jimbo la Maine, wanaopambana na kiumbe anayekula watoto wenzao. Wanaapa kwamba akirudi, nao watarudi. Miaka 30 baadaye anarudi, na wao, sasa wakiwa watu wazima wenye kazi na madeni, wanapigiwa simu mmoja baada ya mwingine. Kiumbe huyo hupenda kujitokeza kwa sura ya mchekeshaji wa sarakasi aitwaye Pennywise, aliyeigizwa na Tim Curry.

Wengi wa rika langu wameijua hadithi hii kupitia filamu mbili za Andy Muschietti, ya 2017 na ya 2019, ambazo Pennywise wake ni Bill Skarsgård. Nazipenda pia. Muziki wake ulitungwa na Benjamin Wallfisch, na albamu ya filamu ya kwanza ilitoka Septemba 2017, mwezi uleule filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema, chini ya WaterTower Music, ambayo ni kampuni ya muziki ya Warner wenyewe. Sasa angalia: tamthilia ya 1990 nayo ilitengenezwa na Lorimar, kampuni iliyokuwa tayari imeshanunuliwa na Warner. Hadithi ileile, nyumba ileile. Mtunzi mmoja albamu yake inatoka siku za filamu yake, mwingine anasubiri miongo miwili.

Mtu anaweza kusema, aah, huo ni muziki wa nyuma ya picha tu, nani ausikilize peke yake? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu muziki wa kutisha wa televisheni una mzigo kuliko watu wanavyodhani.

Kumbuka kwamba It ilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa zima, saa ambazo familia ziko sebuleni. Vituo vikubwa vya Marekani vilikuwa na masharti yake: damu kidogo, na ukatili dhidi ya watoto usionekane waziwazi. Lakini hadithi yenyewe ni ya watoto wanaouawa! Sasa mwongozaji afanye nini? Chukua tukio maarufu la Georgie. Mtoto amevaa koti la mvua la njano, boti lake la karatasi limezama kwenye mtaro, anainama kuchungulia, na ndani kuna Pennywise anamwita kwa upole na kumzungumzia maputo. Tunaona uso, tunaona meno, kisha picha inakatwa. Kilichotokea hatukioni. Kilichobaki kukueleza kilichotokea ni sauti.

Au chukua tukio la mwanzo kabisa: mtoto wa kike anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, mama yake anashughulika na nguo, mvua inanukia, shuka zilizoanikwa zinapepea. Kati ya shuka anatokea yule mchekeshaji. Hakuna kisu wala kelele za zimwi. Mchana kweupe, uwanja wa nyumba, nguo zimeanikwa. Ukiondoa sauti hapo unabaki na tangazo la sabuni.

Bellis aliifanya kazi hiyo kwa okestra: tarumbeta, tromboni, saksafoni, fidla, viola, kisha akachanganya na vinanda vya umeme kwa zile sauti za giza. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba hakutegemea vishindo peke yake. Pennywise anapewa ladha ya muziki wa sarakasi, ule ambao mtoto akiusikia anavuta nguo ya mama yake apelekwe. Watoto saba nao wana muziki wao mtulivu, wenye joto la urafiki na likizo za shule. Huo wa pili ndio unaoiumiza hadithi. Unapousikia ukirudi watu wakiwa na miaka 40, unaelewa bila kuambiwa kwamba kilichopotea kwao si usingizi tu, ni utoto. Mtunzi ametumia noti kusema jambo ambalo mwandishi wa riwaya alilitumia mamia ya kurasa.

Na alifanya hivyo katika mazingira ya televisheni. Mtunzi wa filamu ya sinema anaweza kupewa miezi. Wa televisheni hupewa wiki chache, bajeti ndogo, na kila baada ya dakika kadhaa lazima muziki upande juu kwa sababu matangazo ya biashara yanaingia na mtazamaji asije akabadilisha kituo. Ukipata muziki unaosimama wenyewe kutoka kwenye mazingira hayo, ujue aliyeutunga ni fundi. Bellis si mtu wa kubahatisha. Aliwahi kuwa rais wa chama cha watunzi na waandishi wa nyimbo wa Marekani, amefundisha utunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California, na ameandika kitabu kwa ajili ya watunzi chipukizi, The Emerging Film Composer.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Kwa nini muziki wa namna hii hukaa miaka 20 bila kuuzwa?

Muziki wa filamu una milango mitatu, na kila mlango una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni umiliki. Kwa kawaida mtunzi wa Hollywood hutunga chini ya mkataba unaoitambua kazi yake kama kazi ya kuajiriwa. Maana yake kisheria ni kwamba kampuni ya filamu ndiyo inahesabika kuwa mwenye kazi tangu noti ya kwanza. Mtunzi anabaki na jina lake kwenye skrini na mgao wake wa mirabaha muziki unapopigwa hewani. Lakini rekodi yenyewe, ile kanda waliyokaa wanamuziki studio wakaijaza, si yake. Hawezi kuamka asubuhi akaipeleka kiwandani. Sisi waandishi wa magazeti hili halitushangazi sana, maana makala unaiandika wewe kwa jasho lako na gazeti ndilo lenye makala.

Mlango wa pili ni malipo ya wanamuziki. Chama cha wanamuziki cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1896, kina utaratibu kwamba muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu au televisheni ukitolewa kama albamu, waliopiga wanalipwa tena, kwa sababu hayo ni matumizi mapya ya jasho lao. Ukiwa na okestra ya watu 40 au 60, hesabu inapanda haraka. Katika miaka ya 1980 na 1990 malipo hayo yalifanya kampuni nyingi zitoe albamu za dakika 30 tu kutoka kwenye muziki wa saa nzima, na nyingine zisitoe kabisa.

Nisieleweke vibaya hapa. Kuna mashabiki wa muziki wa filamu ambao kwa miaka mingi wamekitupia lawama chama hicho kana kwamba mpiga viola ndiye aliyewanyima albamu. Mimi siko upande huo. Mpiga viola alikaa kwenye kiti, akasoma noti asizowahi kuziona kabla, akazipiga sawasawa kwa mara ya kwanza au ya pili, akaondoka. Kampuni ikiuza kazi hiyo mara ya pili, ni haki naye apate mara ya pili. Katika nchi ambako tumezoea kuona mzee aliyepiga gitaa kwenye wimbo unaopigwa redioni kila wiki akiwa hana hata nauli ya daladala, hatuna sababu ya kumwonea wivu mwanamuziki aliyejiunga na chama kikamtetea.

Mlango wa tatu ni hesabu za biashara. Kampuni kubwa inaangalia kitu kimoja: tutauza ngapi? Filamu ya sinema ina mabango na matangazo. Tamthilia ya televisheni ya siku mbili, hata kama inatajwa kuwa ilitazamwa na watu karibu milioni 30, ikishapita imepita. Wiki inayofuata ABC ina kipindi kingine. Kwa mhasibu, albamu ya nakala elfu tatu ni usumbufu: mwanasheria atafute mikataba, fundi atafute kanda, karani ajaze fomu za chama, yote hayo kwa fedha ambayo kampuni inaitumia kwenye chakula cha mkutano mmoja.

Angalia kwamba katika milango yote mitatu hakuna mtu mbaya. Hakuna aliyeuchukia muziki wa Bellis. Hakuna aliyekaa akaamua kuuzika. Ni kwamba anayeshika ufunguo hana haja ya kufungua, na mwenye haja ya kufungua hana ufunguo. Tunasema kizuri chajiuza. Kweli, lakini si kikiwa kimefungiwa ndani na duka halina hata kibao.

Waliookoa jahazi ni kampuni ndogo zinazoendeshwa na wapenzi wenyewe. Varèse Sarabande ilianzisha klabu ya CD za nakala chache mwaka 1989. Jarida la Film Score Monthly likaanza kutoa albamu zake mwaka 1996. Ikaja La-La Land Records, na Intrada ya California, ambayo ndiyo iliyotoa It kwa CD mbili. Utaratibu wao ni kwenda kwenye kampuni kubwa, kuomba leseni, kulipa wanamuziki kwa makubaliano ya nakala chache, kusafisha kanda, kuandika kijitabu cha maelezo, kisha kutoa pengine nakala 1,000, pengine 3,000. Watu hawa wanastahili heshima kubwa. Bila wao tungekuwa na orodha za tuzo bila muziki.

Lakini hapo hapo pana tatizo, na hapa najua baadhi ya wapenzi wenzangu watanuna.

Nakala 3,000 kwa dunia nzima ni chache mno. Zikiisha, leseni mara nyingi nayo imeisha, na mlango unafungwa tena. Kuanzia hapo CD inaacha kuwa muziki na kuwa mali, kama stempu au sarafu ya mkoloni. Inauzwa mkono kwa mkono, bei inapanda mara tatu, mara tano. Na katika kila mauzo hayo ya pili, mtunzi hapati hata senti. Mpiga viola hapati. Kampuni iliyosafisha kanda haipati. Anayepata ni aliyenunua mbili, akaifunua moja na kuiacha nyingine na nailoni yake akisubiri.

Kuna watu wanajivunia hali hiyo. Utamsikia mtu akisema anayo albamu "adimu sana", na sauti yake ina raha kuliko anapoueleza muziki wenyewe. Jamani, adimu si sifa ya muziki. Ni sifa ya uchapishaji. Muziki wa Bellis ulikuwa mzuri mwaka 1990 watu mamilioni walipousikia bure sebuleni kwao, na haukuwa mzuri zaidi ulipogeuka kitu cha watu elfu kadhaa. Ninayempinga hapa si mkusanyaji, maana wakusanyaji wametunza mengi ambayo kampuni zimeyatupa. Ninachopinga ni kuifurahia njaa ya wengine kwa sababu wewe una gunia ndani.

Na kuna upande wa huzuni zaidi. Kabla ya It kulikuwa na 'Salem's Lot, nayo kutoka kwa Stephen King, iliyoonyeshwa na CBS tarehe 17 na 24 Novemba 1979 chini ya mwongozaji Tobe Hooper. Ile yenye mtoto aliyekufa anayeelea nje ya dirisha usiku, akikwangua kioo kwa kucha ili afunguliwe. Waliotazama wakiwa wadogo hawajaisahau. Muziki wake ulitungwa na Harry Sukman, mpiga piano mzoefu aliyewahi kushinda Oscar pamoja na Morris Stoloff kwa muziki wa filamu ya Song Without End ya mwaka 1960. Kwa 'Salem's Lot aliteuliwa kuwania Emmy. Sukman alifariki mwaka 1984. Muziki wake wa 'Salem's Lot ulitolewa na Intrada mwaka 2013. Yaani miaka 34 baada ya kuonyeshwa, na miaka 29 baada ya mwenyewe kuzikwa. Bellis walau aliishika CD yake mkononi. Sukman hakupata hata hilo.

Atakayesema "si imetoka hatimaye, tatizo liko wapi?" namkumbusha kwamba hakuna ahadi kwamba kitu kilichoko stoo kitaendelea kuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya MGM ilitupa maktaba yake ya noti za okestra, karatasi za muziki wa filamu zake zilizotukuka, zikaenda kufukia ardhi. Miaka mingi baadaye mwongoza okestra wa Uingereza, John Wilson, alilazimika kusikiliza nyimbo za filamu hizo na kuandika upya kwa masikio, noti baada ya noti. Mwaka 2009 aliupiga muziki huo kwenye tamasha la Proms la BBC na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Fikiria kazi ile: kuandika upya kitu ambacho kilikuwa tayari kimeandikwa, kwa sababu mwenye stoo alihitaji nafasi.

Kisha tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka kwenye eneo la Universal Studios, Hollywood, na kuteketeza jengo lililokuwa na kanda mama za muziki. Ilipofika 2019 gazeti la New York Times liliandika kwamba nyaraka za ndani za kampuni zilikadiria nyimbo kama 500,000 ziliguswa. Kampuni ilipinga ukubwa huo wa hasara. Vyovyote idadi ilivyo, somo ni lilelile ambalo bibi yeyote anayeficha fedha kwenye godoro anapaswa kuambiwa: kitu kilichopo mahali pamoja tu, kiko karibu na kutokuwepo.

Turudi kwenye sheria, maana bila sheria haya ni malalamiko ya kijiweni.

Nchini Marekani, kazi ya kuajiriwa inalindwa kwa miaka 95 tangu ilipotolewa au 120 tangu ilipoundwa, ule utakaokwisha mapema. It ilionyeshwa 1990. Piga hesabu: 1990 jumlisha 95 ni 2085. Bellis alizaliwa 1946. Atakayeruhusiwa kuutoa muziki wake bila kuomba ruhusa ya mtu pengine ni kitukuu.

Sheria hiyohiyo ya 1976 ina kifungu kizuri sana kinachompa mtunzi haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa kazi yake baada ya miaka 35. Wabunge wao walielewa kwamba kijana mwenye njaa akisaini mkataba hana nguvu ya kujadiliana. Safi. Tatizo ni kwamba kifungu hicho kinaacha nje kazi za kuajiriwa. Kwa maneno mengine, mwimbaji aliyeuza haki ya wimbo wake ana mlango wa kutokea. Mtunzi wa filamu, ambaye ndiye kazi yake inaongoza kwa kusahaulika stoo, hana.

Ulaya wamepiga hatua. Mwaka 2011, mwaka uleule albamu ya Bellis ilipotoka, Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini ukaweka sharti: miaka 50 ikishapita, kama mtayarishaji hauzi rekodi kwa idadi ya kutosha wala haiweki watu waipate, msanii anaweza kumpa notisi, na mwaka mmoja ukipita bila mabadiliko, mkataba unavunjika. Tumia au poteza. Mwaka 2019 wakaongeza agizo jingine linalompa mtunzi au msanii haki ya kuvunja leseni ya kipekee kama kazi yake haitumiki kabisa baada ya muda wa kutosha. Ninachokipenda si miaka 50, maana hiyo ni mingi mno, Sukman asingeifikia. Ninachokipenda ni msingi wake, kwamba kumiliki ni pamoja na wajibu wa kutumia. Hata huku kwetu mtu akichukua shamba akaliacha pori miaka nenda rudi, serikali inaweza kumuuliza maswali.

Pendekezo langu kwa hiyo ni dogo. Miaka 15 tangu muziki uonyeshwe mara ya kwanza. Kama mwenye haki hajautoa, mtunzi aruhusiwe kuutoa mwenyewe au kwa kampuni ndogo anayoitaka, wanamuziki walipwe kiwango chao cha nakala chache, na kampuni ya filamu ipate asilimia yake bila kunyanyua kidole. Filamu yenyewe ibaki mali ya kampuni, hakuna anayeigusa. Nani anapoteza hapo? Mimi sioni.

Najua kuna atakayeniambia, kijana, mbona unaishi zamani, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Ndiyo, vingi vipo. Lakini ukiangalia kwa makini, muziki mwingi wa tamthilia za zamani unaoukuta huko umekatwa kutoka kwenye filamu yenyewe, na mlango unagongwa katikati ya fidla na mtu anapiga kelele juu ya tarumbeta. Huo ni mwangwi wa kazi. Na kilichopandishwa bila leseni leo, kesho kinashushwa. Tena mtandao ungeifanya hoja yangu iwe rahisi zaidi: gharama ya kiwanda na kontena imeondoka, kwa hiyo kisingizio kwamba "hailipi kuchapa" hakina tena miguu. Kilichobaki ni ruhusa tu.

Atakayeuliza sisi Dar es Salaam yanatuhusu nini, namjibu kwa kifupi. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi zetu: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Urafiki na nyingine nyingi. Kanda zile leo ziko chini ya TBC. Muziki wa nyumba moja, ufunguo mmoja, waliopiga wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, na familia zao haziwezi kwenda kuzichukua. Hadithi haifanani kwa kila kitu, maana pale Hollywood mwenye stoo ni kampuni na hapa ni umma. Lakini swali ni lilelile: anayetunza kitu kwa niaba ya watu ana muda gani wa kukaa nacho kabla ya kuulizwa?

Mimi si mwanasheria, wadau, ni ripota tu anayependa muziki wa kutisha. Lakini kama tuna uwezo wa kukaa kwenye ukumbi, kuvaa suti na kumwita mtu jukwaani tumwambie kazi yake ndiyo bora kuliko zote mwaka huo, basi tuwe na adabu ya kuwaacha watu waisikilize.

Naomba kutoa hoja.